Sinema "Breaker Morant": Mfungwa Ni Nani?

Miezi michache iliyopita vijana wa parokia walituomba tuwaonyeshe sinema ya vita. Kwa desturi hatupendi sinema za namna hiyo, kwa sababu vijana hutoka ukumbini wakipigana na vijiti mpaka usiku. Lakini rafiki yetu mmoja alituletea "Breaker Morant", sinema ya Waaustralia iliyotengenezwa na Bruce Beresford mwaka 1980, akatuambia: "Hii si ya mchezo, ni ya hukumu." Tukaikubali. Maneno yake ni ya Kiingereza, na watu wetu wengi hawakijui. Basi tulisimama kando ya kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, tukafasiri kadiri tulivyoweza, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta.

Hapo tulipata shida ya kwanza, nayo ilikuwa shida ya neno moja. Katika sinema hii wamo Makaburu waliokamatwa vitani, kisha wakapigwa risasi mikono yao ikiwa mitupu. Wamo pia maofisa watatu walioamuru na kufanya mauaji hayo, ambao sasa wamefungwa wakingoja hukumu. Kiingereza kina neno moja kwa wote, nasi kwa haraka tulisema "wafungwa" kwa hawa na kwa wale. Baada ya nusu saa hivi, mama mmoja mzee aliyeketi mbele akatukatiza: "Katekista, mfungwa gani unayesema? Aliyeuawa ama aliyeua?" Watu wakacheka. Sisi pia tulicheka, tukaanza kusema "mateka" kwa wale wa kwanza. Lakini swali la mama yule halikututoka. Twaona sasa kwamba katika maneno yale machache alikuwa ametoa hukumu juu ya sinema nzima.

Habari yenyewe ni ya kweli. Ilitokea katika Vita vya Makaburu kule Afrika ya Kusini, vilivyoanza mwaka 1899 na kwisha mwaka 1902. Mwaka 1901 majeshi makubwa ya Makaburu yalikuwa yamekwisha kuvunjika, lakini watu wao waliendelea kupigana kwa vikundi vidogo, wakivizia na kukimbia. Waingereza wakaunda kikosi cha wapanda farasi kilichoitwa Bushveldt Carbineers, makao yake Pietersburg, mji ambao leo waitwa Polokwane. Sehemu moja ya kikosi ilikaa mbali kaskazini, katika nchi ya Spelonken, mahali palipoitwa Fort Edward. Wengi wao walikuwa Waaustralia. Ofisa mmoja alikuwa Liutena Harry Morant, Mwingereza kwa kuzaliwa, aliyehamia Australia akiwa kijana na kujulikana huko kwa kufundisha farasi wakali na kwa mashairi aliyoyaandika magazetini. "Breaker" ni jina alilolipata kwa kazi hiyo ya farasi.

Mwezi wa Agosti 1901, rafiki yake Kapiteni Percy Hunt aliuawa usiku, alipokuwa akishambulia nyumba ya shamba ya Makaburu. Ilisemwa kwamba maiti yake ilivuliwa nguo na kuharibiwa vibaya. Morant hakuuona mwili kwa macho yake, alisikia kwa wengine, akawa kama mtu aliyerukwa na akili. Siku chache baadaye kikosi chake kilimkamata Kaburu mmoja, jina lake Floris Visser, aliyekuwa na jeraha mguuni hata hawezi kwenda. Morant akaamuru apigwe risasi. Tarehe 23 Agosti wakauawa mateka wanane karibu na Elim, misioni ya Waprotestanti wa Uswisi. Siku ileile mmisionari Daniel Heese wa misioni ya Berlin, aliyekuwa ameongea na mateka wale njiani, akapigwa risasi katika safari yake ya kurudi. Tarehe 7 Septemba wakauawa watatu tena, baba na wanawe wawili, waliokuwa wakija kujisalimisha. Mwanzoni mwa mwaka 1902 baraza la kiaskari liliwahukumu Morant, Liutena Peter Handcock na Liutena George Witton wafe. Witton alibadilishiwa adhabu, akafungwa, akaachiliwa mwaka 1904. Wale wawili walipigwa risasi katika Pretoria alfajiri ya tarehe 27 Februari 1902.

Tusidanganyane: sinema hii ni nzuri sana. Inaanza na bendi ya askari ikipiga muziki wa raha katika uwanja wa mji, na palepale tunaingizwa mbele ya baraza la hukumu. Toka hapo tunapelekwa nyuma na mbele, shahidi anasema neno moja, na mara tunaliona tendo lenyewe. Edward Woodward anamcheza Morant kwa uso wa mtu ambaye amekwisha kujua mwisho wake lakini hapendi kumfurahisha mtu kwa kuuogopa. Jack Thompson ni Majoro Thomas, avoka wao, mtu wa mji mdogo aliyezoea mambo ya mashamba na urithi, naye anapewa siku moja tu ya kujitayarisha. Mwanzo anashika karatasi zake kama mtu aliyepotea sokoni. Mwisho anasimama kama simba. Alipewa zawadi katika Cannes mwaka 1980, na aliistahili. Hakuna neno la bure katika sinema hii, wala hakuna bunduki inayolia kwa kufurahisha watu.

Basi ubaya wake ni nini? Ubaya umo ndani ya uzuri huo. Muda wote tunakaa na Morant, Handcock na Witton. Tunalala nao gerezani, tunasikia mizaha yao, tunajua mmoja ana mke na mtoto na mwingine ni kijana asiyejua dunia. Waliouawa tunawaona dakika chache, tena wanasema Kikaburu kisichofasiriwa na mtu. Visser anakuja, anaonekana na nguo ya kiaskari, anapigwa risasi, anakwisha. Naye ndiye aliyekuwa mfungwa kwanza. Lakini sinema inamnyang'anya hata jina hilo, inawapa waliomwua. Mama yetu aliona hivyo kwa sikio tu, kwa kuwa katekista alifasiri vibaya.

Visser alipouawa, vijana wa safu za nyuma walipiga makofi. Hatuwezi kuficha jambo hilo. Hawakuwa wakicheka; walipiga makofi kama mtu aonavyo deni limelipwa. Taa zilipowashwa tuliwauliza kwa nini. Mmoja akasimama akasema: "Katekista, wewe wasema hivyo kwa sababu rafiki aliyekatwakatwa hakuwa wako." Kijana huyo tunamjua. Kaka yake mkubwa alikwenda na hakurudi, na hakuna aliyewaletea hata kiatu chake. Hatukuwa na jibu la haraka kwake. Haya tunayoandika ni jibu letu la polepole.

Sinema inawatetea maofisa hawa kwa maneno mawili hasa. La kwanza ni amri. Morant anasema Hunt alimpa agizo lililotoka juu, kwa Lord Kitchener, mkubwa wa majeshi yote, kwa kinywa cha Koloneli Hamilton: mateka wasiletwe hai. Hamilton aliitwa mbele ya baraza, akakana kwa kiapo. Sinema inamwonyesha kuwa anadanganya kwa faida ya mkubwa wake. La pili ni huzuni. Rafiki ameuawa, mwili wake umeharibiwa, damu ya mtu imechemka, nani angeweza kujizuia?

Kila utetezi ukisimama peke yake una uzito wake. Lakini tazameni jinsi unavyoazimana nguvu na mwenzake. Wakili anayetetea anasema wazi, na sinema pia inasema, kwamba kabla ya Hunt kufa Morant alikuwa akiwaleta mateka hai, hata Hunt akamkemea kwa hilo. Basi amri, kama ilikuwako, ilikuwa imelala. Morant aliisikia, akaiacha ilale, na hakuna aliyemwadhibu kwa kuiacha. Ni kisasi kilichoiamsha. Kwa hiyo asituambie kwamba alilazimishwa na amri: siku alipotaka kuikataa aliikataa, na siku alipoihitaji aliikumbuka. Ukimwuliza juu ya amri, anakuonyesha kaburi la rafiki yake. Ukimwuliza juu ya kaburi, anakuonyesha amri. Hivyo kosa linapita katikati kama maji kati ya vidole, na mtazamaji anatoka akisema, "Maskini, walionewa."

Na tena, huzuni yenyewe sinema inaitumia kuliko historia inavyoruhusu. Tarehe 2 Julai 1901, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kifo cha Hunt, na kabla Morant hajafika Fort Edward, Makaburu sita walikuwa wamekwisha kuuawa na watu wa kikosi kile walipokuja kujisalimisha. Siku chache baadaye askari mmoja wa kikosi chao wenyewe, aliyekuwa Kaburu aliyejiunga na Waingereza, aliuawa pia. Hunt alikuwa bado anakula na kunywa. Ni kweli kabisa kwamba Morant alilia. Lakini alilia katika nyumba ambamo kuua mateka kulikuwa kumeanza kuzoewa, na kisasi kilikuta njia imekwisha kufyekwa. Yule anayesema "nilishikwa na hasira" aulizwe pia hasira ile ilikuwa imepewa silaha na nani, na ilimkuta katika desturi gani.

Mwisho wa kesi Majoro Thomas anatoa hotuba, na ukumbi wetu ulinyamaza kimya. Shauri lake ni hili: watu wa kawaida wakitupwa katika mambo yasiyo ya kawaida watafanya yasiyo ya kawaida, na sisi tuliokaa katika amani hatuna haki ya kuwapima kwa kipimo cha nyumbani. Neno hili lina ukweli ndani yake. Anayeishi karibu na vita hawezi kulicheka. Lakini lina jibu, na jibu halikutoka kwa watu waliokaa katika amani. Lilitoka Fort Edward.

Tarehe 4 Oktoba 1901, askari 15 wa kikosi kilekile walitia sahihi barua kwa mkubwa wa jeshi katika Pietersburg, wakieleza mauaji haya moja moja na kuomba yachunguzwe. Aliyewaongoza alikuwa Robert Cochrane. Waliandika kwamba wengi wao ni Waaustralia, kwamba walikuwa wamepigana karibu vita vyote, na kwamba hawakutaka kurudi kwao na doa la mauaji haya. Hawa hawakuwa maavoka wala mapadri. Walipanda farasi walewale, walikula chakula kilekile kibaya, waliviziwa na adui yuleyule, na Hunt alikuwa kapiteni wao pia. Kama vita vinaondoa uhuru wa mtu, mbona wao hawakuondolewa? Kwa kuandika walijitia hatarini, kwa sababu walikaa mbali sana na mji, chini ya maofisa ambao walijua jinsi ya kumnyamazisha mtu.

Sasa sinema inawafanyia nini watu hao? Mashahidi wa kikosi wanaotolewa barazani wengi wao ni watu wa kinyongo, waliokemewa na maofisa na sasa wanalipiza. Avoka anawavua mmoja mmoja, na watazamaji wanafurahi. Barua haina nafasi inayostahili. Twaliona hili kuwa kosa kubwa la sinema, kubwa kuliko lolote la historia, kwa sababu linamnyima mtazamaji kitu anachokihitaji sana: kuona kwamba mtu mwingine, saa ileile, alisema hapana. Hawa 15 wangekuwamo kwa haki yao, kijana wetu asingesema kwamba kila mtu angefanya vile. Angelazimika kuchagua awe upande gani.

Liko jambo jingine, na hapa tunaomba radhi kwa watakaoona tunachunguza mno. Katika habari ya mmisionari Heese sinema yenyewe inakiri. Barazani Handcock anasema kwamba siku ile alikuwa kwa wanawake wawili wa Kikaburu, mmoja baada ya mwingine, na watu wetu walicheka sana. Baraza likamwachilia kwa shtaka hilo, kama ilivyokuwa katika historia. Halafu gerezani anamwambia Witton kwamba kweli yeye ndiye aliyempiga risasi mmisionari, kisha akaenda kwa wanawake wale. Inasemwa kwa sauti ya chini, kama jambo dogo. Na Witton wa kweli, miaka mingi baadaye, mwaka 1929, alimwandikia Majoro Thomas barua akisema kwamba Handcock alikiri kwake. Fikirini basi: mtu asiye na silaha, asiye askari wa upande wowote, aliuawa kwa sababu aliona au alisikia. Huko hakukuwa na kisasi cha rafiki. Ndivyo kisasi kinavyoendelea kikiisha kupewa ruhusa: aliyeua wa kwanza kwa huzuni anamwua wa kumi kwa kuficha. Pamoja na Heese aliuawa pia mtu mweusi aliyeongoza gari lake. Kuhusu huyo hakuna aliyepeleka malalamiko kwa mfalme yeyote.

Sinema inasema Kitchener aliwatoa maofisa hawa sadaka ili kuwatuliza Wajeremani, kwa kuwa mmisionari alikuwa mtu wao. Heese alizaliwa katika koloni la Cape, alikuwa raia wa Mwingereza. Hata hivyo hatukatai kwamba wakubwa walijiosha mikono. Kapiteni Alfred Taylor, mwenye madaraka makubwa katika nchi ile ya Spelonken, alishtakiwa kwa mauaji ya wale Makaburu sita, na ya mtu mweusi pia, akaachiliwa. Na Kitchener mwenyewe, aliyethibitisha hukumu ya wawili ingawa baraza liliomba wahurumiwe, ndiye aliyekuwa akichoma mashamba na kuwakusanya wanawake na watoto katika kambi. Katika kambi hizo walikufa Makaburu karibu 28,000, wengi wao watoto. Na katika kambi zilizotengwa kwa watu weusi walikufa zaidi ya 14,000 walioandikwa, bila kuhesabu wasioandikwa. Hakuna baraza lililomwita ajibu. Watu weusi, wenye nchi ile, katika sinema wanapita nyuma ya farasi, kisha basi.

Lakini haki iliyomkosa mkubwa haimfanyi mdogo kuwa bila kosa. Wezi watatu wakiiba ng'ombe, na mmoja akakimbia, hatuwafungulii wale wawili kwa sababu ya huyo mmoja, tunaendelea kumtafuta. Majoro Thomas angeweza kusema: "Waadhibuni hawa, na mwiteni Kitchener asimame hapa kando yao." Kwa kazi yake ya avoka hakuweza kusema hivyo, tunajua. Sinema ingeweza.

Sheria nayo haikuwa imekosekana. Mkataba wa La Haye wa mwaka 1899 ulikuwa umekwisha kukataza kumwua adui aliyeweka silaha chini. Mwaka 1929 na tena mwaka 1949 mikataba ya Geneva ilikataza kwa maneno wazi kuwalipizia mateka kisasi. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba utii wa kipofu haumwokoi anayetenda uovu wa namna hiyo kwa kuamriwa, na kwamba wanaowakataa wakubwa wao hadharani katika mambo hayo wanastahili sifa kubwa. Tukisoma hayo tunawakumbuka wale 15.

Na hapa tunarudi kwa kijana wetu. Anadhani sheria ya kuwalinda mateka imetungwa na watu wasiojua uchungu. Sisi twaona kinyume. Siku ambayo hakuna rafiki aliyekufa, nani anahitaji kukatazwa kumwua mtu aliyefungwa kamba? Siku hiyo tunampa maji na sigara, tunamwuliza habari za kwao. Sheria ile haina kazi siku hiyo. Ilitungwa kwa ajili ya siku mwili wa Hunt ulipoletwa. Tukisema kwamba siku hiyo isitumike, tumeifuta yote.

Tena kisasi hakichungui. Visser alikutwa na nguo ya Kiingereza, Morant akasema ni ya Hunt, ikawa ni ushahidi wa kutosha. Lakini katika mwaka ule Makaburu wengi walivaa nguo walizowanyang'anya Waingereza, maana zao zilikuwa zimechakaa. Nguo haikuonyesha nani alimwua Hunt. Sisi wa Kongo tunalo funzo letu, nalo halitoki kitabuni. Tarehe 11 Novemba 1961, Waitalia 13 wa ndege za Umoja wa Mataifa, waliotua Kindu na chakula cha askari wa Umoja huo, walikamatwa na askari wetu, wakiwadhania kuwa askari wa kukodiwa wa Katanga. Wakauawa. Askari wale nao walikuwa na wafu wao na hasira yao, na waliona nguo na ngozi, ikatosha. Wazee wa Maniema wangali wanasimulia. Kijana aliyepiga makofi asingependa kaka yake ahukumiwe kwa njia hiyo, na labda ndivyo alivyohukumiwa.

Juu ya adhabu ya kifo tunasema kidogo tu. Wale wawili wanaketi kwenye viti viwili jua likichomoza, baada ya kutembea wameshikana mikono, na sinema haina picha nzuri kuliko hiyo. Tunasikitika kwa ajili yao bila aibu. Kanisa sasa linafundisha, tangu katekisimu ilipobadilishwa mwaka 2018, kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Wangefungwa maisha, wakasikie majina ya waliowaua mpaka uzee wao. Morant katika sinema anajiita mpagani, anamkataa padri, na anaomba kaburi lake liandikwe Mateo sura ya 10, mstari wa 36, kana kwamba maneno yale ya Bwana yalihusu maofisa waliosalitiwa na serikali yao. Wasomaji wafungue wenyewe waone yalihusu nini. Ni mzaha wa mtu shujaa, lakini tungependa kujua Visser angeomba mstari gani kama angeulizwa.

Haki itendewe mwenye sinema pia. Bruce Beresford amesema zaidi ya mara moja kwamba hakutaka kuwaonyesha kuwa hawana hatia, bali jinsi watu wa kawaida wanavyofikia maovu makubwa, na kwamba inamsumbua kuona watu wanatoka wakiwaita walioonewa. Tunamwamini. Lakini sinema ni kama mahubiri: padri anaweza kukusudia jambo moja, na mlangoni ukasikia watu wamelichukua jingine. Katika Australia wengi walichukua hilo jingine. Wako waliomwomba Mwingereza awasamehe marehemu hao, naye alikataa mwaka 2010; mwaka 2018 hoja ya kusikitikia jinsi kesi ilivyoendeshwa ilitolewa bungeni kwao. Halafu mwaka 2020 nchi hiyohiyo ilitoa ripoti iliyoeleza kwamba kulikuwa na habari za kuaminika za watu 39 waliouawa isivyo halali na askari wake katika Afghanistan, mateka, wakulima na raia wengine, wala hakuna hata mmoja wao aliyeuawa katika joto la mapigano. Waliotoa habari za kwanza, huko nako, walikuwa askari wenzao.

Sinema hii si ya watoto. Kwa watu wazima na vijana wenye akili inafaa, mradi awepo mtu wa kuongea nao baadaye, na muda wa saa moja usiogope kupotea. Misioni ya jirani imetuomba tuwaonyeshe kabla ya mvua. Safari hii tumejiandaa vizuri zaidi: neno "mfungwa" hatutalitumia hata mara moja. Tutasema "aliyekamatwa" na "mshtakiwa", na kabla ya kuwasha mashine tutasoma barua ya wale 15 kwa kifupi, pamoja na majina ya waliouawa, tuliyoyapata kumi. Kijana wetu ameomba abebe jenereta. Mama yule atakuja pia, na amekwisha kutuambia atakaa mbele.